Alama moja, maana moja: njia nne za kutunza alama kwenye spesifikesheni, na ipi ikufae

Sura ya tatu ya spesifikesheni, yaani waraka unaoeleza mfumo ujengwe vipi, inasema n ni idadi ya vipimo vilivyomo kwenye ujumbe mmoja. Sura ya saba, iliyoandikwa na mtu mwingine miezi minne baadaye, inatumia n hiyohiyo kwa nafasi ya kipimo ndani ya ujumbe, na kuhesabu kunaanzia sifuri. Ukimuuliza kila mwandishi peke yake, hakuna aliyekosea. Anayeumia ni msomaji. Anajenga mfumo kutokana na waraka huo, waandishi hawajui, kuwauliza hawezi, na anapofika sura ya saba bado ana n ya sura ya tatu kichwani. Programu yake itasoma kipimo kimoja zaidi au pungufu, na atadhani kosa ni lake.

Nimewahi kuwa upande wa waliokosa. Nilikuwa mmoja wa waandishi wa spesifikesheni ya ujumbe wa vihisio, na timu mbili zikaijenga bila kuonana. Moja ilihesabu biti ya 0 kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia. Tulipokaa kutafuta nani kakosea, kila timu ilifungua waraka wetu ikaonyesha mstari unaoiunga mkono. Tangu siku hiyo siwezi kuita ulinganifu wa alama usafi wa maandishi tu. Alama ni sehemu ya sharti lenyewe. Ikiyumba, sharti nalo limeyumba.

Ninaposema alama nakusudia mambo mengi: herufi za vigeu, vizio vya vipimo, namna ya kuandika namba na tarehe, sarufi ya ujumbe, mpangilio wa biti na baiti, hata maneno kama "lazima" na "inaweza". Njia zilizozoeleka za kuyaweka yote haya kwenye mstari mmoja ni nne. Ya kwanza ni kuandika sehemu ya alama ndani ya waraka wenyewe, mwanzoni, na kila sura kuifuata. Ya pili ni kuazima kiwango ambacho tayari kipo na kukitaja. Ya tatu ni kuikabidhi kazi hiyo zana: makro (jina unaloandika wewe, kompyuta ikaweka alama mahali pake), programu ya kukagua, au chanzo kimoja kinachozalisha waraka wote. Ya nne ni kumteua mtu mmoja awe mlinzi wa alama, ambaye hakuna sura inayotoka bila kupita mikononi mwake.

Timu nyingi huishia kuchanganya mbili au tatu. Hata hivyo huwa kuna moja inayobeba uzito, na hiyo ndiyo ya kuchagua kwa makini.

## Milango mitatu ya uharibifu

Alama huharibika kupitia milango mitatu, na si kila waraka una yote mitatu wazi.

Mlango wa kwanza ni mikono mingi. Waandishi watatu, mazoea matatu: mmoja huandika vekta kwa herufi koza, mwingine kwa mshale juu, wa tatu haweki chochote.

Wa pili ni muda. Mwandishi ni yuleyule, lakini toleo la pili linakuja baada ya miaka miwili na amesahau alichokusudia. Anahitaji alama mpya, anaona t haijatumika kwenye ukurasa aliofungua, anaichukua. Kumbe t ilishapewa kazi kwenye kiambatisho.

Wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, maana hauonekani: kuchota kutoka nyaraka nyingine. Unanakili mchoro wa kichwa cha ujumbe kutoka waraka mmoja na jedwali kutoka mwingine. Nyaraka za intaneti, zile za mfululizo uitwao RFC, hufuata mpangilio wa RFC 791 ya mwaka 1981, ambapo biti ya kushoto kabisa ndiyo ya 0 na ndiyo yenye thamani kubwa. Nyaraka nyingi za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, huhesabu biti za baiti kuanzia 8 kushuka hadi 1, na 8 ndiyo kubwa. Miongozo ya vichakataji vingi huita biti ndogo kabisa biti 0. Mifumo yote mitatu ni sahihi kwenye makao yake. Ukiipachika pamoja kwenye waraka mmoja, hutaona kosa kwa macho, kwa sababu kila mchoro ukiutazama peke yake umenyooka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia ipi ni bora, jiulize mlango upi kwako uko wazi zaidi. Baada ya hapo zilinganishe njia kwa vigezo vinne: gharama ya kuanza, mzigo unaomwangukia msomaji, wakati kosa linaponaswa, na yatakayotokea waraka ukikua.

## Gharama ya kuanza

Sehemu ya alama ndani ya waraka ndiyo nafuu kuliko zote. Kwa waraka mdogo ni kazi ya jioni moja. Mfano mzuri ni RFC 9000 ya mwaka 2021, inayoeleza QUIC, itifaki ya kusafirisha data kwenye intaneti. Kifungu chake cha 1.3 kinaeleza kwa ufupi jinsi nyuga za ujumbe zitakavyoandikwa: jina la uga, kisha mabano. Ndani ya mabano kukiwa na namba, hiyo ni idadi ya biti. Kukiwa na herufi i, uga huo ni namba kamili ya urefu unaobadilika. Ukishasoma hapo, michoro yote ya waraka, na waraka ni mrefu, inasomeka. Hakuna zana wala kibali kilichohitajika.

Kuazima kiwango huonekana bure, na hapo ndipo watu hujikwaa. Gharama yake ni kukisoma hadi mwisho. Chukua ABNF, sarufi ya kueleza umbo la ujumbe, iliyowekwa kwenye RFC 5234 ya mwaka 2008. Wengi huiazima wakidhani wanaijua kwa kuwa wamezoea semi za kutafutia maandishi (regex). Lakini ABNF huweka kinyota cha marudio kabla ya kitu, si baada yake, na chaguo hutenganishwa kwa mkwaju. Zaidi ya hapo, neno lililofungwa ndani ya alama za kunukuu halitofautishi herufi kubwa na ndogo. Ukiandika "GET" umeruhusu pia "get". Ndiyo maana RFC 7230, inayoeleza HTTP, itifaki ya wavuti, ilipotaka jina la itifaki hiyo lisomeke kwa herufi kubwa pekee ililazimika kuliandika kwa namba za herufi, %x48.54.54.50, badala ya kuandika HTTP moja kwa moja. Njia rahisi zaidi, alama ya %s mbele ya neno, iliongezwa na RFC 7405 mwaka 2014. Anayeiazima ABNF ameazima masharti yake yote, ayajue asiyajue.

Kuna gharama nyingine ya kuazima isiyozungumzwa sana. RFC husomwa bure na yeyote, na kitabu cha vizio vya SI, mfumo wa kimataifa wa vipimo, hutolewa bure na BIPM, ofisi ya kimataifa ya vipimo. Mfululizo wa ISO 80000, viwango vya kimataifa vya vizio na alama za hisabati, unauzwa. Ukiutegemea, hakikisha wasomaji wako wanaweza kuupata. La sivyo umewaelekeza kwenye mlango uliofungwa.

Zana ni ghali kuanza. Lazima waandishi wote waandikie mahali pamoja na kwa namna moja. Kwenye LaTeX, programu ya kupanga maandishi, kwa mfano, unaweza kuitangaza makro iitwayo \idadi na nyingine \nafasi, kisha mwandishi haandiki tena n popote. Anaandika maana, na zana inaweka herufi. Siku ukiamua idadi iwe N, unabadilisha mstari mmoja. Ni raha sana ikishasimama. Ila mwandishi mmoja akileta sura yake kutoka programu ya kawaida ya kuandikia, na herufi zimechapwa kwa mkono, ukuta umetoboka.

Mlinzi wa alama hahitaji ufungaji wa chochote. Anahitaji muda, na zaidi ya muda anahitaji mamlaka. Asiye na uwezo wa kusema "sura hii haitoki leo" ni msomaji wa kwanza tu.

## Mzigo kwa msomaji

Hapa mpangilio unageuka. Njia nafuu kwa mwandishi mara nyingi ni ghali kwa msomaji.

Sehemu ya alama iliyobuniwa na waraka wenyewe inamtaka kila msomaji ajifunze lugha mpya kabla ya kusoma habari. TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano ya intaneti, ni kielelezo kizuri, chenye mafanikio na mtego ndani yake. Tangu TLS 1.0 ya mwaka 1999 hadi TLS 1.3 ya mwaka 2018, itifaki hiyo imeelezwa kwa lugha yake ndogo iliyobuniwa ndani ya waraka, inayofanana kidogo na lugha ya programu ya C. Imedumu, na wanaoijua wanaisoma bila kusita. Lakini orodha ya urefu unaobadilika ikiandikwa na mipaka <0..800>, namba hizo huhesabu baiti, si vipengele. Orodha ya namba za biti 16, yaani baiti mbili kila moja, yenye mpaka wa 800 haizidi namba 400. Msomaji aliyezoea lugha za kawaida za programu ataisoma kuwa vipengele 800, na hatakuwa na dalili yoyote ya kumshtua mpaka arudi kwenye sehemu ya maelezo. Alama inayofanana na kitu unachokijua, huku ikibeba maana nyingine, ni hatari kuliko alama ngeni kabisa. Alama ngeni angalau inakulazimisha usimame.

Kuazima humpunguzia mzigo msomaji anayekijua kiwango tayari. Asiyekijua anaongezewa waraka wa pili wa kusoma. Na hapa usahihi wa kutaja ni kila kitu. Kusema "tunatumia EBNF", sarufi nyingine ya jamii ya ABNF, ni kusema nusu. EBNF ya ISO/IEC 14977 ya mwaka 1996 huunganisha vipengele kwa mkato, hufunga kila kanuni kwa nukta mkato, na marudio huyaweka ndani ya mabano ya kupinda. Spesifikesheni ya XML, umbizo la kuandika data, ya mwaka 1998 ina sarufi yake, ambayo wengi huiita EBNF vilevile, lakini huweka kinyota baada ya kitu na haina mikato hiyo. Taja namba ya kiwango na mwaka wake, na kama umekirekebisha, sema umerekebisha nini.

Mambo madogo ya hisabati yana mtego uleule. ISO 80000-2 huhesabu sifuri kuwa miongoni mwa namba za asili, ilhali vitabu vingi vya shule huanzia moja. Waraka ukisema "k ni namba ya asili" bila kutaja kiwango, wasomaji wawili makini wanaweza kujenga vitu viwili tofauti.

Zana na mlinzi hazimgusi msomaji moja kwa moja. Yeye anaona waraka uliolingana, hajui umelinganishwaje. Ni sifa nzuri, ila ina upande wa pili: makro zako hazimfundishi msomaji chochote. Hata ukiwa na zana kali kuliko zote, orodha ya alama ndani ya waraka bado inahitajika. Zana nzuri inaweza kuizalisha yenyewe.

## Kosa linanaswa lini

Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo kinachopaswa kupewa uzito mkubwa, maana sehemu ya alama peke yake hainasi chochote. Ni ahadi. Inategemea kila mwandishi aikumbuke kila siku.

Chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipokuwa kinaingia kwenye mzingo wa Mirihi. Programu ya ardhini ilitoa msukumo wa injini kwa vizio vya pauni na sekunde, na programu iliyopokea ikausoma kama nyutoni na sekunde. Tofauti yake ni takriban mara 4.45. Waraka wa makubaliano kati ya programu hizo mbili ulikuwepo, na ulitaja vizio vya SI. Alama iliandikwa ipasavyo. Kilichokosekana ni kitu cha kuhakikisha kwamba namba inayopita kwenye faili inafuata maandishi.

Nimelitaja tukio hilo kwa sababu hutumiwa mara nyingi kuhimiza watu waandike vizio. Waandike, ndiyo. Lakini anayejifunza kutokana nalo ajifunze na la pili: andiko lisilokaguliwa halizuii kitu.

Zana hunasa mapema kuliko zote, mwandishi akiwa bado anaandika, na hunasa vitu ambavyo jicho haliwezi. Kwenye Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, alama ya maikro ni U+00B5 na herufi ya Kigiriki mu ni U+03BC. Kwenye skrini zinafanana kama mapacha. Alama ya omu, U+2126, na omega, U+03A9, vivyo hivyo. Kistari cha kawaida na alama ya kutoa, U+2212, hutofautiana kwa unywele. Msomaji akitafuta neno kwenye waraka atapata nusu ya mahali lilipo. Akinakili mfano wa kuingiza kwenye programu, utakataliwa. Hakuna mhariri atakayeliona hilo. Programu ya mistari ishirini italiona mara moja.

Ila zana hunasa umbo, si maana. Mwandishi akiweka \idadi mahali alipopaswa kuweka \nafasi, zana itaipanga vizuri na kuipitisha. Hapo ndipo mlinzi anapoizidi. Mtu anayesoma kwa makini atasimama kwenye sentensi na kuuliza, "hii n inawezaje kuwa sifuri kama ni idadi ya vipimo, na ulisema ujumbe mtupu hauruhusiwi?" Udhaifu wake ni kwamba hunasa kwa kuchelewa, sura ikiwa imekamilika, na huchoka. Ukurasa wa mia moja hausomwi kwa macho ya ukurasa wa kwanza.

Kiwango cha kuazima kiko katikati. Chenyewe hakikagui, lakini kwa kuwa kinatumiwa na wengi, mara nyingi watu wengine wameshaandika programu za kukikagua. Sarufi ya ABNF unaweza kuipitisha kwenye programu ikakuambia kanuni ipi imetajwa bila kufafanuliwa. Tarehe zilizoandikwa kwa RFC 3339, kwa mfano 2024-03-04T08:00:00Z, zinakaguliwa na maktaba za lugha karibu zote. Ukibuni alama zako, utaandika na mkaguzi wake.

## Waraka unapokua

Historia ya HTTP ina jibu zuri hapa. RFC 2616 ya mwaka 1999 ilitumia sarufi yake yenyewe, iliyofanana na sarufi zilizozoeleka lakini ikiwa na kanuni moja ya pembeni: kati ya maneno mawili nafasi tupu zinaruhusiwa, hata kama sarufi haizionyeshi. Waandishi walipata sarufi safi, fupi. Wajenzi wa seva na wa vivinjari wakapata utata: hapa nafasi ipo au haipo? Tofauti za namna programu zilivyoshughulikia nafasi kabla ya koloni ya jina la uga ziliishia kuwa mianya ya usalama. Mwaka 2014 RFC 7230 ikaiondoa kanuni hiyo, ikaitegemea ABNF ya RFC 5234 pamoja na nyongeza chache zilizotajwa wazi, na kila nafasi tupu inayoruhusiwa ikaandikwa mahali pake. Miaka 15 ilipita kati ya hizo mbili. Alama ya kubuni nyumbani iliyookoa mistari michache iligharimu wengine kazi kubwa.

Upande wa pili, lugha ndogo ya TLS imevuka matoleo manne kwa mafanikio, nayo ni ya kubuni nyumbani. Tofauti ninayoiona ni hii: yote yaliyoihusu yaliandikwa mahali pamoja, na kila toleo liliibeba sehemu hiyo pamoja nalo. Njia ya kwanza inaweza kudumu, mradi isiwe na kanuni iliyofichwa.

Viwango navyo hubadilika. RFC 2119 ya mwaka 1997 iliweka maana rasmi za maneno ya wajibu, na kwa miaka 20 watu walibishana iwapo neno hilohilo kwa herufi ndogo lina nguvu ileile. RFC 8174 ya mwaka 2017 ikaamua kwamba ni herufi kubwa pekee. Waraka ulioazima ile ya kwanza bila kutaja ya pili bado una utata huo ndani yake.

Mlinzi ana tatizo la kibinadamu. Jon Postel alihariri RFC kwa karibu miongo mitatu, hadi alipofariki Oktoba 1998, na mwendelezo wa mfululizo ule una deni kubwa kwake. Kazi hiyo ilibidi ishikwe na ofisi, na mwongozo wa mtindo ukaendelea kuandikwa; uliopo kwenye RFC 7322 ni wa mwaka 2014. Mlinzi wako akihama kazi kesho, atahama na nini kichwani? Kama maamuzi yake hayajaandikwa, njia ya nne imekufa siku hiyo.

Zana ndiyo inayostahimili ukuaji kuliko zote, ikilishwa. Spesifikesheni ya WebAssembly, umbizo la programu zinazoendeshwa na vivinjari, kwa miaka mingi iliandika kanuni zilezile kwa mkono mara mbili: kwa alama za kihisabati, na kwa maelezo ya hatua kwa hatua. Kila badiliko lilipaswa kuingia pande zote mbili bila kupotoka. Mwaka 2025 kundi linaloisimamia liliipokea SpecTec, lugha ambayo kanuni huandikwa humo mara moja, na alama pamoja na maelezo hutoka kwenye chanzo hicho. Kwa waraka mkubwa unaoishi, sioni njia ya mkono inayoweza kushindana na hilo. Kwa waraka wa kurasa kumi na tano ni kujenga ghala kwa ajili ya gunia moja.

## Maneno ya wajibu, kwa anayeandika kwa Kiswahili

Hili nalitenga kwa sababu viwango vya kuazima havitusaidii moja kwa moja. RFC 2119 inafafanua maneno ya Kiingereza. Ukiandika kwa Kiswahili, jedwali la maneno ni lako.

Tazama sentensi hizi: "Si lazima mpokeaji ajibu." "Lazima mpokeaji asijibu." "Mpokeaji hapaswi kujibu." Ya kwanza inaruhusu kunyamaza. Ya pili inakataza kujibu. Ya tatu msomaji mmoja ataisoma kama katazo, mwingine kama ushauri. Kisha kuna "anaweza", inayobeba uwezo na ruhusa kwa pamoja: "seva inaweza kufunga muunganisho" ni habari, au ni ruhusa?

Ninachofanya ni kuchagua maneno yasiyobadilika kufuata ngeli: LAZIMA kwa sharti, MARUFUKU kwa katazo, INASHAURIWA kwa pendekezo, RUHUSA kwa hiari. "Anapaswa", "inapaswa", "vinapaswa" na "hakipaswi" ni maumbo tofauti, na programu ya kutafuta itayakosa mengine. LAZIMA haibadiliki popote. MARUFUKU inaondoa swali la kukanusha kunaangukia wapi. Uwezo nauandika "ina uwezo wa", kwa herufi ndogo. Na mipaka: "hadi 10" nalazimika kusema kama 10 imo, kwa hiyo naandika "kuanzia 0 hadi 10, zote mbili zikiwemo", au natumia alama ya ≤ iliyofafanuliwa.

Jedwali hili linahitaji njia ya kwanza, yaani kuandikwa ndani ya waraka. Kisha zana yoyote rahisi inaweza kupita ikitafuta "inaweza" na "inapaswa" na kukuuliza ulikusudia nini.

## Ukiwa katika hali hii

Unaandika peke yako, waraka ni mfupi, wasomaji wachache: sehemu ya alama mwanzoni inatosha. Iandike kabla ya sura ya kwanza, hata ikiwa na mistari sita. Azima SI kwa vizio na RFC 3339 kwa tarehe, kwa sababu hapo hakuna faida ya kubuni.

Waraka wako unaungana na mifumo ya watu usiowajua: kuazima ndiko kubebe uzito. Usibadilishe kiwango hata kidogo kama unaweza kuepuka. Kwa ukubwa wa data tofautisha viambishi vya SI na vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, ambavyo vipo tangu 1998: kB ya SI ni baiti 1000, KiB ya IEC ni 1024. Kwenye kilo tofauti ni asilimia 2.4, kwenye tera inakaribia asilimia 10.

Waandishi ni wengi na kila mmoja ana mazoea yake: mlinzi kwanza, zana baadaye. Zana ikitangulia kabla ya makubaliano, watu watapambana nayo. Mpe mlinzi mamlaka kwa maandishi, na mtake kila uamuzi wake auongeze kwenye sehemu ya alama siku hiyohiyo.

Waraka utaishi miaka mingi na kutoka kwa matoleo: wekeza kwenye zana, hata kwa uchungu. Anza na mambo mawili tu, makro kwa vigeu na ukaguzi wa herufi za Yunikodi zinazofanana. Alama iliyostaafishwa usiipe kazi mpya kwenye toleo linalofuata. Iache wazi, na iandike kwenye orodha kwamba imestaafu.

Waraka tayari umevurugika na tarehe ya kuutoa iko karibu: usijaribu kuusafisha wote. Orodhesha kila alama na kila ukurasa inapotokea, na utafute zile zenye maana mbili. Hizo pekee zirekebishe sasa. Zenye sura mbili kwa maana moja, kama vekta yenye mshale hapa na herufi koza pale, zinaudhi, lakini zinaweza kusubiri toleo lijalo.

Na kama unasitasita kati ya kubuni alama mpya na kutumia iliyopo ambayo "inakaribia" maana unayoitaka, buni mpya, na uipe umbo lisilofanana na lolote msomaji wako analolijua.